Aproni Sitini za Maua

Nikianza kuzungumza habari za bahari, watu wa mtaani kwangu hucheka. Jirani yangu muuza mkaa husema sisi wa Dodoma tushughulike na vumbi letu, bahari tuwaachie wa pwani. Mimi ni fundi cherehani wa Chang'ombe. Mama yangu alizaliwa hapa, bibi yangu alizaliwa hapa, na mkubwa wetu wa kwanza alifika na misafara ya biashara, akapata maji na mke, akasahau kwao. Kati yangu na maji ya chumvi kuna Morogoro nzima. Wacheke tu. Nitaendelea kuzungumza, na mara hii naandika kabisa, kwa sababu kuna watu waliniomba ninyamaze na mimi kunyamaza sikujaliwa.

Mwaka ule wa barakoa, kila mwenye cherehani alikuwa mtu muhimu. Tulikuwa wanawake wanne katika kikundi chetu cha ushonaji, na mwenyekiti wetu alikuwa shoga yangu wa tangu utotoni, ambaye tulichezewa ngoma siku moja na kuolewa mwaka mmoja. Kazi yetu ilikuwa sare za shule. Shule zilipofungwa tukabaki tunatazamana. Ndipo siku moja akaja mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha kijiji fulani, ng'ambo ya Buigiri, ambacho sitakitaja jina. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Alituambia kwamba wauguzi wake walikuwa wanazalisha akina mama wakiwa wamevaa mifuko ya takataka iliyotobolewa matundu ya kichwa na mikono, na akauliza kama tunaweza kumshonea kitu chochote cha kuwakinga.

Kitambaa cha hospitali hatukuwa nacho. Nikaenda sokoni nikarudi na jora la nailoni ya mezani, ile nene yenye maua, ambayo wanawake wa mjini huitandika sebuleni wageni wakija. Waridi jekundu juu ya rangi ya maziwa. Nikakata aproni ndefu, kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Nailoni ina tabia ya kuchanika pale sindano inapopita, kwa hiyo kingo zote nikazivika utepe wa kitambaa kizito cha sketi za shule, rangi ya damu ya mzee, kwa mishono miwili, wa pili ukirudi juu ya wa kwanza na kumalizikia kwenye fundo dogo la kubana ambalo nilifundishwa na mama. Wenzangu walisema najisumbua. Niliwaambia kitu kinachokwenda kuvaliwa mbele ya damu hakishonwi kwa kulipua.

Tulishona sitini kwa siku tisa. Nilipozipeleka, wauguzi walicheka hadi wakashika ukuta. Mmoja alizunguka na aproni yake akauliza chai iko wapi, maana meza imekwisha kuandaliwa. Lakini walizivaa. Zilifuliwa kwa dawa, zikaanikwa uani, zikavaliwa tena kesho yake, miezi na miezi, na hakuna hata moja iliyofumuka. Nilijisifu sana wakati ule, na hilo sioni sababu ya kulionea haya. Watu walikuwa wanaogopa, na mimi nilikuwa na cherehani.

Baadaye vifaa vyenyewe vikaja kutoka juu: maboksi ya glavu, mavazi meupe ya kuvaa mara moja na kutupa, ngao za uso. Aproni zangu zikaingia stoo. Miaka miwili ilipita, nikaenda pale kupeleka mapazia ya wodi, nikakuta stoo inasafishwa. Aproni zote zilikuwa zimeshindiliwa kwenye magunia matatu, zimechanganywa na glavu, barakoa, ngao za uso zilizopasuka, kila kitu cha plastiki ambacho kilikuwa hakitakiwi tena. Tanuru lao la kuchomea taka lilikuwa limepata ufa. Walijaribu kuchoma nailoni uwanjani, moshi ukaingia madarasani kwenye shule ya jirani, wazazi wakaja juu. Basi mganga alikuwa amemwamuru mlinzi achimbe shimo nyuma ya kituo.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Kama hujawahi kupiga jembe Dodoma mwezi wa tisa, hujui ardhi ngumu ni nini. Jembe la yule mlinzi lilikuwa linarudi juu kama limepigwa kwenye sakafu. Alikuwa ameanza alfajiri, na mpaka nafika mimi, shimo lake lilitosha kuzika paka. Alikuwa amevua shati, amekaa kwenye ukingo wa shimo, anatukana kimoyomoyo, midomo tu ikicheza.

Hapo nikafungua mdomo wangu. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema, "Kwa nini msipeleke mtoni? Kule mchanga ni laini."

Kwa asiyejua mito yetu, nieleze. Mto wa kule hauna maji miezi minane. Ni njia pana ya mchanga mweupe inayopita katikati ya mashamba, na kwa kuwa ndiyo ardhi pekee isiyobishana na jembe, kila kitu tunakifanyia humo. Wanawake huchimba visima vifupi na kuchota maji kwa kata. Punda akifa, mwenyewe hamchimbii shambani akavunjika mgongo, anamzika mtoni. Mvua zikija, mto unashuka kwa siku mbili tatu, unachukua mchanga wa mwaka jana na kuleta mwingine, na kila ulichofukia hukioni tena. Tulikuwa tumezoea kuuita huo usafi. Hatukuwa tukijiuliza mto unakipeleka wapi kile ulichokichukua. Kwetu mto huishia pale jicho linapoishia.

Mganga alinishukuru. Mlinzi alinishukuru zaidi. Kabla ya adhuhuri magunia matatu yalikuwa chini ya mchanga, kwenye kona ya mto, chini ya mti wa mgunga uliokuwa umeinamia bondeni. Nikatundika mapazia yangu, nikarudi mjini nimeridhika na akili yangu.

Mwaka jana binti yangu akajifungua mtoto wa kwanza. Ameolewa pwani, katika kijiji kilicho kaskazini mwa Bagamoyo, na kama ilivyo desturi nilikwenda kumlea mzazi siku arobaini. Bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu maishani, zote nikiwa ndani ya gari. Mama wa mume wake ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu walio mbali. Analima mwani. Tunaitana mkwe, na wiki ya kwanza tulikuwa tunaogopana kwa adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake mnofu. Wiki ya pili alichoka kunihudumia kama mgeni. Lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali na kamba za mwani zikaonekana, akaniambia kama nataka kujua anakula nini, nifuatane naye.

Nilimfuata nikitembea kwa ncha za vidole. Kamba zilikuwa zimefungwa kwenye vijiti, mstari hadi mstari, na kwenye kila kamba mafungu ya mwani, kama bustani iliyopandwa chini ya maji. Nilikuwa najua baharini kuna taka, nilikuwa nafikiri ni chupa. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mkono wa mtu umesimama mchangani, vidole vitano, mweupe. Nilipiga yowe. Ilikuwa glavu imejaa mchanga. Mkwe wangu alicheka mpaka akakaa majini na kanga zake.

Alipomaliza kucheka, alinionyesha mengine. Alizungumza bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni magugu ya shamba lake. Barakoa zilikuwa zimebaki nyuzi na kamba za masikioni, na kamba moja ilikuwa imemfunga kaa mguu hadi ukakatika. Ngao ya uso ilikuwa imeota vigamba upande mmoja, vikali, na ilimkata kisigino mwaka juzi hadi akakosa bamvua zima. Vitu hivi haviozi, alisema. Jua linavikausha, mawimbi yanavivunja, vinakuwa chengachenga, na chenga zinaingia kwenye mwani ambapo huwezi kuzichambua zote. Mnunuzi akiziona anakataa gunia. Samaki haangalii, anameza. Alikwisha kumpasua samaki aina ya changu akakuta tumboni kidole cha glavu, kimekunjwa vizuri. Na vile vikubwa, alisema, ndivyo vinavyoniua mimi, kwa sababu vinafunika. Mwani unataka jua. Ukifunikwa unakuwa mweupe, unalainika, unaondoka wenyewe.

Kamba ya saba ilikuwa imelala. Kitu kipana kilikuwa kimejiviringa juu yake mara tatu, na mwani wote wa chini yake ulikuwa umekuwa kama uji. Mkwe alikikata kwa kisu, akakikunjua, akanipa nikishike upande mmoja wakati yeye anaokoa mafungu ya mwishoni. Kilikuwa nailoni. Maua yalikuwa yamefutika, yamebaki madoa ya rangi ya chai. Pembeni kulikuwa na utepe wa kitambaa, umepauka, lakini mahali ulipojikunja rangi ilikuwa bado ile ile, damu ya mzee. Mishono miwili. Wa pili umerudi juu ya wa kwanza. Nikaufuata kwa kidole gumba hadi mwisho, nikaligusa fundo la mama yangu.

Mkwe alisema bila kuinua kichwa, "Wanaotupa vitu kama hivi hawakulelewa."

Nikasema, "Kweli."

Nilinyamaza siku mbili. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza hata msibani. Nilijitafutia kila mlango wa kutokea. Nilijiambia kuna fundi mwingine mahali fulani aliyefundishwa fundo lile lile. Nilijiambia labda aproni ilisafiri kwenye lori la mtu. Mwisho nikamuuliza binti yangu, akiwa ananyonyesha, ule mto wa kule Buigiri unakwenda wapi. Yeye alisoma jiografia hadi kidato cha sita, na alinijibu kama anasoma ubaoni. Unaingia Kinyasungwe. Kinyasungwe inateremka, huko mbele inaitwa Mkondoa, Mkondoa inaingia Wami, na Wami inamwaga baharini. Akanionyesha kwa kidevu. Ilikuwa inamwaga pale juu kidogo ya kijiji chao. Kinyasungwe nilikuwa naijua tangu mtoto. Sikuwa najua kwamba inaendelea.

Siku ya tatu niliiosha ile aproni kwa maji ya kisima, nikaitandika juu ya mkeka mbele ya mkwe wangu tulipomaliza kula mchana. Nikamwambia nimeishona mimi. Nikamwonyesha fundo. Nikamwambia zilikuwa sitini, na kwamba aliyesema zizikwe mtoni ni mimi, kwa mdomo wangu, bila kuulizwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, machozi yalikuwa tayari kwa vyovyote vile. Aliitazama aproni muda mrefu, akaigeuza, akaupima utepe kwa viganja kama mnunuzi.

"Zimebaki ngapi huko?" aliuliza.

Sikujua. Nilisema sijui.

"Basi nenda kaangalie kabla mvua hazijaanza. Mtoto nitamwogesha mimi."

Zilikuwa zimepita siku kumi na sita. Bibi kuondoka kabla ya arobaini ni jambo la kusutwa, na nilisutwa kweli, simu zilinitangulia hadi Dodoma. Walisema nimegombana na wakwe. Niliwaacha waseme. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na moja, na kwetu mto hushuka wakati wowote kuanzia mwanzo wa Desemba.

Wa kwanza kumwendea alikuwa mwenyekiti wetu wa kikundi. Nilidhani atachukua jembe. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, akaniuliza kama bahari imenipanda kichwani. Kikundi kilikuwa kimeahidiwa kushona mashuka na mapazia ya vituo vyote vya upande ule. Nikienda kutangaza kwamba taka za kituo zilizikwa mahali watu wanapochota maji, alisema, nitawaaibisha waganga, na aibu hiyo itaturudia sisi, maana aproni ni zetu.

"Nailoni za maua ziko nchi nzima," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi najua."

Aliniambia basi nichague, kikundi au hayo mataka yangu. Nilimpenda sana yule mwanamke, na nampenda hadi leo, lakini kuna namna ya kuombwa ninyamaze ambayo inanifanya nitamani kupanda juu ya paa. Nikaibeba cherehani yangu siku ile ile, mimi upande mmoja na mke wa muuza mkaa upande wa pili, tukapita nayo barabarani mchana kweupe. Tangu siku hiyo nashonea kwenye kibaraza changu.

Kituoni nilikuta mganga mfawidhi mwingine. Yule wa zamani alikuwa amehamishwa. Huyu alikuwa kijana, aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, akanipa kiti, na akanieleza vizuri kabisa kwamba haiwezekani. Hakuna maandishi yanayoonyesha kitu chochote kilizikwa. Kuchimba mtoni kunahitaji kibali cha kijiji, kwa sababu ya watu wa malori wanaoiba mchanga. Na isitoshe, alisema, mvua zimekaribia, zitasafisha.

Sikuinua sauti, ingawa nilitaka. Nilimwambia, "Zinasafisha kwenu, mwanangu. Mimi nimetoka kule zinakochafua." Nikatoka nikaelekea mtoni na mabuti yangu ya mpira mkononi.

Mtoni kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kigogo, rika langu, anachota maji kwenye kisima chake cha mchanga. Nikamsalimia kwa Kigogo changu cha sokoni, mbukwenyi, akaitikia na kuendelea kwa Kiswahili ili asinisumbue. Nilimuuliza kama aliwahi kuona magunia. Aliweka kata chini. Alisema mwaka mmoja baada ya kuzikwa, akichimba kisima chake chini ya mgunga, jembe lilitoa kitu chenye vidole akadhani ni kiwele cha mbuzi. Alikwenda kituoni kusema, akaambiwa arudi wiki ijayo. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa aandike barua. Kuandika hajui. Akahamisha kisima chake juu kidogo, na hasira yake akakaa nayo. Kisha akaniuliza kama najua ni nani aliyewapa wazo la kuzika taka mtoni.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa jembe.

Tulichimba siku tatu. Mgunga ulikuwa umeanguka, kona ya mto ilikuwa imehama, tukawa tunatafuta kwa kubahatisha, yeye akikumbuka, mimi nikifukua. Nilivaa glavu nene za bustani, ndiyo, za plastiki, na nilizihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Siku ya kwanza hatukupata kitu. Siku ya pili, kwenye kina cha kiuno, tukapata gunia la kwanza, zima, limefungwa vile vile lilivyofungwa na mlinzi. Mchana wake la pili, limepasuka ubavuni, nusu ya vitu vimetoka. Nilikuwa nikivuta aproni mchangani na zinakuja na maua yake yote, mekundu, mapya kama siku nilipoyatoa sokoni. Nilichukia kuziona zimekaa vizuri namna ile. Mtu hujivunia kazi inayodumu, na mimi nilikuwa natamani ningekuwa nimeshona kwa kulipua.

Siku ya tatu tulipata mdomo wa gunia la tatu. Kamba na kipande cha juu tu. Lililobaki lilikuwa limekwenda.

Tulikuwa tumesimama tunalitazama shimo lile tupu, mawingu yamejaa upande wa Mpwapwa, mtendaji wa kijiji alipofika. Alisimamisha pikipiki ukingoni, hakuizima. Aliuliza kibali kiko wapi. Nikaketi juu ya gunia. Nikamwambia aandike jina langu, na aliandike vizuri, lisomeke, na chini yake aandike kwamba fundi wa Chang'ombe amekataa kutoka. Akasema ataita mgambo. Nikasema awaite, mikono ya ziada tunaihitaji.

Yule mwenzangu alikwenda kwenye kisima chake, hatua chache kutoka tulipokuwa tunachimba, akachota kata ya maji, akapanda nayo ukingoni na kumpa mtendaji kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Yule bwana akaipokea, maana asingeweza kukataa. Akaitazama. Akatazama rundo la glavu lililokuwa mbele yetu, limeloa. Pikipiki ilikuwa inanguruma peke yake. Hakunywa. Alimrudishia kata, taratibu, asimwage, akageuza pikipiki akaondoka. Mgambo hawakuja.

Tulikodi mkokoteni wa punda, tukapeleka kila kitu kwenye baraza ya kituo cha afya, nami nikakaa hapo katikati ya wagonjwa. Kila aliyeuliza nilimweleza. Kulala nililala kwa yule mwanamke, asubuhi nikarudi barazani. Mganga kijana alipita mbele yangu mara nyingi akiwa na mafaili. Siku ya pili, kabla ya mchana, alikuja akachuchumaa, akaanza kusaidia kutenganisha. Hakuomba radhi na sikumwomba aombe. Alipiga simu, gari la kituo lilipokwenda mjini lilibeba magunia hadi kwenye tanuru kubwa, na akaandika karatasi ya makabidhiano, akatia sahihi, mimi nikatia yangu. Aproni zilikuwa thelathini na tisa. Wiki ile ile mto ukashuka, mwekundu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nikampigia mkwe wangu. Nilimwambia nimezipata thelathini na tisa, na moja anayo yeye. Ishirini sizioni. Nilisikia upepo kwenye simu yake na mjukuu wangu akilia. Nikamwambia akizikuta anijulishe.

"Mimi zako sizijui," alisema. "Kwangu zote ni takataka. Njoo uzitafute mwenyewe."

Nilikwenda mwaka huu mwezi wa sita, mvua zilipokwisha na maji ya Wami yalipotulia. Mwenyekiti wangu wa zamani alinitumia mtu aniambie kwamba nimekuwa kichekesho. Muuza mkaa aliniagiza samaki. Bamvua lilipofika nilijifunga kanga kiunoni, nikaingia hadi magotini, nikaanza kugeuza kila nailoni iliyonasa kwenye kamba. Nilikuwa natafuta utepe. Isiyo na utepe niliiacha ipite. Asubuhi nzima nilipata moja, imekatika katikati, nikaitia kapuni kwa furaha ambayo nashindwa kuieleza.

Mkwe alikuwa mstari wa pili, ananiangalia. Nikaokota glavu, nikaigeuza, nikaona haina kitu cha kunihusu, nikaiachia ielee.

"Hiyo ya nani?" aliuliza.

Ilikuwa inaelekea kwenye kamba zake. Nilitembea mbiombio katika maji yale, nikaikamata kabla haijafika.

"Yangu," nikasema, nikaitia kapuni.